Ujumbe Haujaingia, Lakini Pesa Ziko Wapi?

Tuseme ni saa kumi na moja asubuhi na uko Gikomba. Mzigo wa mtumba umefunguliwa sasa hivi, watu wanasukumana, na muuzaji anataka shilingi 8,500 zake kabla hujaondoka na nguo. Unafungua menyu, unaweka kiasi, unaweka PIN, unabonyeza kutuma. Skrini inazunguka kidogo, kisha inarudi kimya. Hakuna ujumbe. Dakika moja inapita, ya pili, ya tatu. Muuzaji anakuangalia. Nyuma yako kuna mtu ameshashika zile jaketi ulizochagua.

Sasa utafanya nini?

Wengi hutuma tena. Na baada ya dakika kumi, ukiwa tayari kwenye matatu, jumbe mbili zinaingia kwa mpigo. Shilingi 17,000 zimetoka, na mtaji wa wiki umebaki mikononi mwa mtu mwingine.

Kosa hili halifanywi na wajinga. Linatokana na imani moja ambayo karibu sote tunayo: kwamba simu, netiweki, ujumbe na pesa ni kitu kimoja, kikikwama kimoja basi vyote vimekwama. Hata sisi wa timu ya masoko hapa ofisini, ambao hatukusomea uhandisi, tulidhani hivyo mpaka tulipowakalisha chini mafundi wetu wakatuchorea picha kwenye ubao. Walichochora ni matabaka. Tumeona tukuletee picha hiyo kwa lugha ya kawaida, kwa sababu ukiielewa, siku nyingine skrini ikinyamaza utajua la kufanya.

Anza na mzigo wa kwenda Kakamega

Umewahi kumtumia mama kitu nyumbani kwa matatu? Hebu fikiria unamtumia sufuria kutoka Nairobi hadi Kakamega. Unaifunga kwenye kasha na kuandika jina lake na nambari ya simu. Pale ofisini, karani anaandika risiti na kuupa mzigo nambari. Mpakiaji anaupandisha kwenye gari. Dereva anajua barabara: Nakuru, Kericho, Kisumu, kisha Kakamega. Na chini ya magurudumu kuna lami.

Sasa angalia jambo moja. Dereva hajui kama ndani kuna sufuria au viatu, na hahitaji kujua. Karani hahitaji kujua kama barabara ina mashimo. Mama naye hahitaji kujua nani aliupakia mzigo. Kila mmoja anafanya kazi yake, anampokeza mwenzake, basi. Barabara ya Kericho ikifungwa, dereva atapitia Eldoret, na risiti yako haitabadilika hata herufi moja.

Kompyuta nazo huwasiliana hivyo hivyo. Kazi kubwa imegawanywa vipande, na kila kipande kinaitwa tabaka.

Zamani kila kampuni ilikuwa na barabara yake

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1970, kampuni za kutengeneza kompyuta zilikuwa kila moja na mfumo wake wa mawasiliano. IBM ilitoa wake mwaka 1974, kampuni ya Digital ikatoa wake mwaka 1975. Ukinunua mashine za kampuni moja, zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Ukitaka ziongee na za kampuni nyingine, pole sana. Ni kama kila Sacco ya matatu iwe na barabara yake ambayo magari ya wengine hayawezi kupita.

Mwaka 1977, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kazi ya kutafuta mpangilio mmoja ambao kampuni yoyote ingeweza kuufuata. Mwaka 1984 mpangilio huo ulichapishwa. Unaitwa OSI, na una matabaka saba.

Wakati huohuo, kulikuwa na mpangilio mwingine uliokuwa ukikua kwa vitendo. Vint Cerf na Bob Kahn, watafiti wawili wa Marekani, walichapisha wazo lao mwaka 1974, na kutokana nalo ikazaliwa TCP/IP. Tarehe 1 Januari 1983, mtandao wa ARPANET, ambao ndio babu wa intaneti ya leo, ulihamia rasmi kwenye TCP/IP. Huu kwa kawaida huelezwa kwa matabaka manne tu.

Nani alishinda? Kwa matumizi, TCP/IP. Ndiyo inayobeba intaneti mpaka leo. Lakini OSI haikufa. Ilibaki kama ramani, na mafundi duniani kote bado hutumia hesabu zake wanapotafuta tatizo. Ukimsikia fundi akisema "hiyo ni shida ya tabaka la kwanza", anasoma ramani ya OSI.

Matabaka saba, kutoka chini kwenda juu

Tuchukue muamala unaoufanya kwa programu yetu kwenye simu, tuupandishe ngazi moja moja.

*Tabaka la 1: vifaa na mawimbi.* Hapa ndipo kuna mawimbi ya redio kati ya simu yako na mnara, nyaya, na fito za kioo zilizozikwa ardhini. Hii ndiyo lami.

*Tabaka la 2: kiungo.* Hapa kifaa kimoja kinampokeza jirani yake tu, kwa mfano simu yako na mnara ulio karibu. Linaangalia kama kilichofika kimeharibika njiani.

*Tabaka la 3: mtandao.* Hapa kuna anwani na uchaguzi wa njia. Data yako imekatwa vipande vidogo, na kila kipande kina anwani ya kinakokwenda. Huyu ndiye dereva anayejua barabara.

*Tabaka la 4: usafirishaji.* Hapa ndipo TCP inapofanya kazi. Inavipa vipande nambari, inangoja kuambiwa "nimepokea", na kipande kikipotea inakituma tena.

*Tabaka la 5: kikao.* Linafungua mazungumzo kati ya simu yako na seva, linayashikilia, kisha linayafunga.

*Tabaka la 6: uwasilishaji.* Linapanga data katika umbo ambalo pande zote mbili zinaelewa. Kwenye ramani ya OSI, kuficha data kwa msimbo ili mtu wa njiani asiisome pia huwekwa hapa.

*Tabaka la 7: matumizi.* Hii ndiyo lugha ambayo programu yako na seva yetu hutumia kuelewana: "mtumie huyu, kiasi hiki".

Na juu ya yote hayo kuna kitu ambacho hakimo kwenye saba: daftari letu. Hapa ndipo salio lako linapoandikwa.

Tafadhali lisome hili mara mbili: pesa hazisafiri kwenye matabaka. Kinachosafiri ni agizo. Agizo likifika kwenye daftari, salio lako linapunguzwa na la mwenzako linaongezwa. Shilingi yenyewe haijapita hewani.

Mbona wakajisumbua kugawanya?

Kwa sababu ukigawanya kazi, unaweza kubadilisha kipande kimoja bila kuvunja vingine. Mfano tunao hapa nyumbani. Kabla ya 2009, mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti. Mwaka huo, nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa kupitia chini ya bahari. Tabaka la 1 lilibadilika kabisa, kutoka angani hadi baharini. Lakini hukuhitaji anwani mpya ya barua pepe wala kompyuta mpya. Matabaka ya juu yaliona tu kwamba barabara imekuwa nzuri.

Ni faida hiyohiyo unayoipata unapotoka kwenye 3G kwenda 4G, au unapoingia nyumba yenye Wi-Fi. Lami imebadilika, sufuria ni ileile.

Na faida ya kukubaliana kiwango kimoja unaijua pia. Kabla ya 2018, kumtumia pesa mtu wa kampuni nyingine ya simu hapa Kenya kulimaanisha apokee ujumbe wenye msimbo, aende kwa wakala kuzitoa. Mwaka huo kampuni ziliunganisha mifumo yao, pesa zikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mpokeaji. Sababu ni ileile ya 1977: watu wakikubaliana namna ya kupokezana, mteja haulizwi tena "wewe uko laini gani?"

Lakini ugawaji huu una upande wa pili, na ndio unaokuhusu pale Gikomba. Kama matabaka yanafanya kazi kila moja peke yake, basi yanaweza pia kukwama kila moja peke yake.

Njia tatu, safari tatu

Wewe unaona simu moja. Ndani yake kuna njia tatu tofauti.

Ya kwanza ni programu. Hii hupita kwenye intaneti, kwa hivyo inahitaji data au Wi-Fi.

Ya pili ni USSD, yaani zile nambari zinazoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Hii haihitaji bando. Hupita kwenye njia ambayo mtandao wa simu huitumia kwa maagizo yake yenyewe, na njia hiyo nayo ina matabaka yake. USSD ni kikao cha moja kwa moja, kama kuongea na mtu dirishani. Mawimbi yakikatika au ukikawia, dirisha linafungwa.

Ya tatu ni SMS. Hii si mazungumzo ya dirishani. Ujumbe huachwa kwenye kituo, kituo kinaushika, kisha kinaupeleka simu yako ikipatikana. Simu ikiwa imezimwa au iko mahali pasipo na mawimbi, kituo kinangoja na kujaribu tena baadaye.

Umeona sasa? Unaweza kutuma kwa programu au USSD, agizo likafika, daftari likaandikwa, kisha ujumbe wa kuthibitisha ukakwama kwenye safari yake. Pesa zilishaenda. Kilichochelewa ni risiti.

Ndiyo maana pia intaneti ikizorota, USSD inaweza kuendelea. Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ikawa nzito Kenya na nchi jirani. USSD kutoka simu yako hadi kwa kampuni yako ya simu haihitaji kupitia baharini. Programu ikigoma, jaribu USSD, lakini kwanza hakikisha kama lile agizo la programu halijafika. Hizo ni njia mbili zinazoingia kwenye daftari moja.

TCP itakuokoa? Si kwa hili

Hapa ndipo mafundi wetu walituacha midomo wazi. TCP kule tabaka la 4 ni hodari sana wa kushughulikia marudio. Kipande kikipotea, inakituma tena. Kikifika mara mbili, nakala inatupwa. Kwa nini basi isitupe na muamala wako wa pili?

Kwa sababu haijui kama ni marudio. TCP inatambua nakala za kipande kilekile kwa nambari zake. Lakini wewe ukifungua menyu upya, ukaweka kiasi na PIN upya, hicho si kipande kilichorudiwa. Ni agizo jipya kabisa. Dereva hajui kama sufuria ya pili umeituma kwa makosa au mama ameomba mbili. Yeye anabeba.

Anayejua kwamba ulikusudia mara moja tu ni wewe peke yako. Kwa hivyo ulinzi wa kwanza dhidi ya kulipa mara mbili uko kwenye kidole chako.

Soma dalili kabla ya kubonyeza

*Hakuna mawimbi kabla hujatuma.* Hilo ni tabaka la chini. Kama hukufika hata kwenye hatua ya PIN, hakuna kilichotoka. Sogea mahali pengine, au washa na kuzima hali ya ndege, kisha anza upya.

*Mawimbi yapo, programu haifunguki.* Data imeisha au intaneti ina shida. Kama hukuwa umethibitisha muamala, tumia USSD.

*Menyu imekatika kabla ya PIN.* Kikao kimefungwa. Anza upya bila hofu.

*Menyu imekatika, au skrini imenyamaza, baada ya PIN.* Hapa simama. Agizo huenda limefika. Angalia salio lako. Limepungua? Basi muamala umepita, hata kama ujumbe haujaingia. Halijapungua? Bado usikimbilie kutuma, kwa sababu agizo linaweza kuwa kwenye foleni. Subiri dakika chache, angalia salio tena pamoja na orodha ya miamala yako. Kama muuzaji hawezi kungoja, mwombe naye aangalie salio lake.

*Salio limepungua, mpokeaji haoni kitu.* Chukua nambari ya muamala kwenye orodha yako na utupigie kupitia nambari iliyo ndani ya programu. Ukiwa na nambari hiyo, tunafuatilia safari ya agizo lako hatua kwa hatua.

Na kama maji yameshamwagika, umetuma mara mbili, tupigie mara moja. Kurejesha ni rahisi zaidi pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji. Akishazitoa kwa wakala, mambo huwa magumu.

Ujumbe si pesa

Kile kinachokusaidia ukiwa mnunuzi kinakusaidia zaidi ukiwa muuzaji. Kama ujumbe unaweza kuchelewa ilhali pesa zimeingia, basi ujumbe unaweza pia kuingia ilhali hakuna pesa.

Matapeli wanaijua njia hii. Mteja anakuja dukani, anachukua unga, sukari na mafuta, anakuonyesha simu yake: "Si nimetuma, ona." Au simu yako yenyewe inapokea SMS iliyoandikwa kama yetu, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea nambari, umrudishie. Ukirudisha, unarudisha pesa zako mwenyewe.

SMS ni maandishi yaliyosafiri kwenye njia yake. Mtu yeyote anaweza kuandika maandishi. Lakini hawezi kuandika kwenye daftari letu. Kwa hivyo usisome ujumbe pekee, angalia salio. Inachukua nusu dakika. Mwenye haraka ya kweli atangoja nusu dakika.

Na mtu akidai alikosea kukutumia, mwambie awasiliane na huduma kwa wateja. Kama kweli amekosea, kuna utaratibu wa kumsaidia.

Tabaka la nane

Mafundi wana utani wao wa miaka mingi. Wakichunguza matabaka yote saba na kuyakuta sawa, husema, "Basi shida iko tabaka la nane." Yaani mtumiaji.

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Unapotumia programu, agizo lako husafiri limefichwa kwa msimbo. Mtu akilinasa njiani anaona takataka tu. Kupasua ulinzi huo ni kazi ngumu mno. Kwa hivyo tapeli hajisumbui. Anakupigia simu saa ya mchana ukiwa na shughuli, anajiita afisa wetu, anasema laini yako itafungwa, na anakuomba umsomee PIN au ule msimbo wa tarakimu ulioingia sasa hivi. Amezunguka matabaka yote saba akaja moja kwa moja kwako.

Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN. Hakuna, hata akijua jina lako kamili na kiasi ulichotuma jana. Akiomba, kata simu.

Tunaendelea kulinda matabaka yaliyo chini ya mikono yetu. Hilo la nane tunaomba tulilinde pamoja. Na kesho saa kumi na moja asubuhi, skrini ikinyamaza ukiwa umeshaweka PIN na muuzaji anakukodolea macho, mwambie, "Ngoja kidogo, niangalie salio." Kisha angalia salio. Jaketi zitakungoja, na zile 8,500 nyingine zitabaki kwenye akaunti yako.